Kanga ukutani: namna ninavyopima lenzi ya hamsini kabla haijaingia ukumbini

Watu saba walisimama mstari mmoja mbele ya jukwaa, bibi harusi katikati, na kushoto kabisa bibi yake mzaa mama, kajitanda kanga juu ya gauni la hariri. Mimi nilikuwa na lenzi ya 50mm niliyoinunua kwa mtu wiki mbili kabla, nimebana tundu la kupitisha nuru hadi f/2.8 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), nimesimama kama mita nne. Baadaye familia ikaichagua picha hiyo isafishwe kwa fremu ya inchi 24 kwa 36. Ilipotoka, mama wa bibi harusi aliitazama kimya, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona bibi hana macho?"

Macho yalikuwepo, ila yameyeyuka kama wino uliodondokewa na maji. Waliosimama katikati unaweza kuhesabu kope zao. Wa kulia wako sawa. Kushoto, kuanzia mtu wa tatu, picha inazidi kuwa ukungu hadi kwa bibi. Kwa umbali ule na tundu lile, eneo lililo ndani ya fokasi lina kina cha karibu mita moja, na wote walikuwa mstari mmoja, kwa hiyo fokasi haikuwa na kosa. Kioo kimojawapo ndani ya lenzi kilikuwa kimekaa upande. Siku niliyoinunua niliielekeza kwenye boksi la juisi, nikapiga katikati, f/8, nikatazama kiskrini cha nyuma ya kamera, nikalipa.

Bibi yule hakuvaa tena vile, wala ukoo ule haukukusanyika tena. Ndiyo maana hakuna hamsini inayoingia kwenye begi langu siku hizi bila kupita kwanza kwenye ukuta wa nyumbani kwetu Tanga. Nitaeleza utaratibu wote ninaoufuata. Hauhitaji chati ya maabara. Unahitaji kanga moja, gazeti, kioo kidogo cha kujitazamia, tepu ya fundi cherehani, na asubuhi moja tulivu.

Kwanza tuelewane hamsini ni nini. Ni lenzi isiyo na zumu, ina urefu mmoja tu wa 50mm, na kwenye kamera ya fremu nzima, yaani yenye kihisi cha nuru cha milimita 36 kwa 24, inaona mambo kwa ukubwa unaokaribia ule wa macho yetu. Tunaipenda kwa sababu ya tundu lake pana. Kwenye f/1.4 tundu lina kipenyo cha karibu milimita 36, na kwenye f/1.8 karibu 28. Ukumbi wenye taa hafifu unakuwa kama una madirisha. Lakini upana huohuo ndio unaomtesa mtengenezaji, kwa sababu miale inayopita ukingoni mwa kioo haikubali kukutana mahali pamoja na ile inayopita katikati. Hamsini nyingi tunazozijua ni wajukuu wa mchoro wa Planar, ambao Paul Rudolph aliuchora kwa kampuni ya Carl Zeiss mwaka 1896: vioo vimepangwa pande mbili zinazotazamana, na tundu liko katikati. Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 inafuata njia hiyo kwa vioo sita na ina uzito wa gramu 160 hivi. Sigma 50mm f/1.4 Art ya mwaka 2014 ina vioo 13 na inafika gramu 815. Ukizishika zote mbili, mkono wako unakwambia gharama ya kuilazimisha miale hiyo itii.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: lenzi hii inafanya nini kwenye tundu ninalolinunulia? Ukibana hadi f/5.6, hamsini karibu zote zinafanana, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Anayekuonyesha picha kali ya f/8 hajakuonyesha chochote kuhusu f/1.4.

Sasa kanga. Nimeichagua kwa sababu tatu. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, kwa hiyo pembe zake zinalingana na ninaweza kuzilinganisha moja baada ya nyingine. Ina jina, herufi kubwa zilizochapwa kwa ukingo mkali. Ninayoitumia mimi imeandikwa WEMA HAUOZI kwa herufi nyeupe juu ya nyekundu iliyoiva. Na ukubwa wake, karibu sentimita 150 kwa 110, unajaza fremu ya kamera ya fremu nzima ukisimama mita mbili na robo hivi. Kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C itakutaka urudi nyuma hadi karibu mita tatu na nusu. Umbali huo ni mzuri kwa kupima hamsini, maana ndio ule tunaosimama tunapopiga watu wawili watatu.

Ipige pasi. Ibandike ukutani au kwenye bodi la plaiwudi kwa pini nyingi, ivutwe hadi isiwe na mkunjo. Kisha kata vipande vitano vya gazeti kwenye ukurasa wa matangazo madogo, wenye maandishi ya ukubwa mmoja, ubandike kimoja katikati na vinne kwenye pembe. Kanga itakuonyesha rangi na kingo. Gazeti ndilo litakaloamua ukali, kwa sababu herufi ama zinasomeka ama hazisomeki.

Kamera iwe kwenye tripodi, na hapa usifanye haraka. Kama kamera haiutazami ukuta sawasawa, upande mmoja wa picha utakuwa mbali zaidi na utaisingizia lenzi kosa lako. Chukua kioo cha kujitazamia, kile chembamba kisicho na fremu, ukibandike ukutani palepale ambapo katikati ya picha patakuwa. Tazama kwenye kamera. Ukiona lenzi yako mwenyewe katikati ya kioo, inakutazama usoni, umenyooka. Ukiiona imeegemea kushoto au juu, sogeza tripodi. Mara ya kwanza ilinichukua karibu nusu saa. Siku hizi ni dakika tano.

Saa nayo ina maana. Mimi napima kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kwenye kivuli cha upande wa magharibi wa nyumba. Mchana hewa juu ya bati na lami inachemka, na ukipiga kitu cha mbali utaona kingo zinacheza kana kwamba lenzi imelewa. Tena jua la saa sita, kwa ISO 100 (usikivu mdogo wa kihisi kwa nuru) na f/1.4, linahitaji kasi ya shata ya karibu 1/12800, na kamera nyingi zinaishia 1/4000 au 1/8000. Kivulini asubuhi unapata 1/500 hadi 1/1000 bila shida.

Weka ISO 100. Piga faili ghafi, yaani RAW, si JPEG pekee. Zima kwenye kamera marekebisho yote ya lenzi: ya giza la pembeni, ya rangi, ya kupinda kwa mistari. Kama kamera au lenzi ina kitulizaji cha mtikisiko, kizime maadamu uko kwenye tripodi. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Ukishahamishia kwenye kompyuta, hakikisha programu nayo haikurekebishii kwa siri. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi (mirrorless) huandika marekebisho ndani ya faili lenyewe, na baadhi ya programu huyatumia bila kukuuliza.

Fokasi usiiachie kamera. Washa skrini, kuza hadi kipande cha gazeti cha katikati kijae, zungusha pete kwa mkono mpaka herufi zikae. Piga f/1.4, kisha f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8 na f/11. Rudia mfululizo huo mara tatu, kila mara ukianza fokasi upya, na uchague picha bora ya kila tundu. Tundu likiwa wazi vile, kidole kinaweza kukosea kidogo bila wewe kujua, na si haki kuihukumu lenzi kwa picha moja.

Halafu rudisha f/1.4 na uiachie kamera ifokasi yenyewe, mara kumi, ukiivuruga pete kila baada ya picha. Kama zile za mkono ni kali na zile za kamera ni hafifu kila mara kwa namna ileile, vioo vyako vizima. Mawasiliano kati ya lenzi na kamera ndiyo yamepishana. Kwenye kamera zenye kioo cha ndani (DSLR) jambo hili ni la kawaida, na baadhi zina sehemu kwenye menyu ya kulisahihisha. Nimewaona vijana wakiuza hamsini nzima kwa hasara kwa sababu ya hili tu.

Tukae sasa kwenye kompyuta. Fungua picha ya f/1.4, ikuze asilimia 100, usizidi hapo. Anza na neno HAUOZI. Tazama ukingo wa herufi O, pale weupe unapokutana na wekundu. Kwenye hamsini ya mchoro wa zamani utaona weupe umefurika kidogo, kama maziwa yaliyopanda ukingoni mwa sufuria kabla hayajamwagika. Chini ya ukungu huo ukingo wenyewe upo, mkali kabisa. Hii ndiyo ile miale ya pembeni isiyokubali kukutana na ya katikati. Nenda f/2: ukungu umepungua. Nenda f/2.8: umeondoka, na wekundu umekolea kana kwamba kanga imefuliwa. Ukungu wa namna hii si ugonjwa. Baadhi ya mabibi harusi wanaupenda, kwa sababu unalainisha ngozi bila kuua kope. Unachotakiwa kujua ni tundu gani unaanzia na tundu gani unaishia kwenye lenzi yako.

Ukikuta ukingo wa O hauna ukungu ila wenyewe ni mpana na mlegevu, na f/2.8 haujabadilika sana, rudia fokasi. Ukirudia na hali ni ileile, hapo una neno la kumwambia muuzaji.

Gazeti la katikati: andika kwenye daftari ni tundu gani maandishi yanaanza kusomeka bila kukisia, na ni tundu gani hayaongezeki tena. Kwa hamsini nyingi nilizopima, katikati hufika kileleni f/4 au f/5.6. Kuanzia f/11 utaona yanaanza kulainika tena. Hilo lisikutishe. Nuru ikipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na hakuna lenzi inayoikwepa sheria hiyo.

Sasa pembe, pale ambapo bibi yule wa kushoto alipotelea. Zipange pembe nne za picha moja kwenye skrini kwa pamoja, zote za f/2. Usilinganishe pembe na katikati kwanza. Pembe zitakuwa hafifu, hiyo ni kawaida. Linganisha pembe kwa pembe. Lenzi nzima ina pembe nne zenye udhaifu unaofanana. Kama juu kulia matangazo yanasomeka na chini kushoto ni moshi, una jambo.

Usimshitaki mtu bado. Inawezekana kamera haikunyooka, au bodi limeegemea. Kuna njia ya kujua bila kubishana. Igeuze kamera kichwa chini juu ya tripodi, rudia kioo, rudia fokasi, piga tena. Kabla hujazungusha picha, uliza: je, uhafifu umebaki upande uleule wa fremu, au umebaki kwenye pembe ileile ya kanga? Ukibaki na pembe ya kanga, kosa ni la ukuta au la mpangilio wako, panga upya. Ukibaki na upande wa fremu, sasa ukiwa juu ya pembe nyingine ya kanga, tatizo liko kwenye lenzi, au kwenye kitako kinachoiunganisha na kamera. Ijaribu kwenye kamera nyingine kama unaweza kuazima. Kama umeiunganisha kwa adapta, badilisha adapta kwanza, maana adapta iliyopinda hutoa picha hiyohiyo.

Lenzi yangu ya harusi ile niliigeuza mara nne. Kila mara moshi ulibaki kushoto mwa fremu. Nilimpelekea muuzaji picha zote nane, pamoja na za kioo. Hakunirudishia fedha.

Kuna hali ya tatu inayofanana na ubovu lakini siyo. Pembe zote nne ni hafifu kwa kulingana, hata f/2.8. Sogeza fokasi: kuza pembe moja na uifokasi hiyo. Pembe ikikaa na katikati ikalegea, lenzi ina eneo la fokasi lililopinda kama bakuli badala ya kulala bapa kama meza. Kwa ukuta ni kasoro. Kwa watu waliojipanga nusu duara inaweza hata kukusaidia, ukijua bakuli limefunikwa au limefunuliwa. Pembe isipokaa hata ukiifokasi yenyewe, basi ndio uwezo wake, na ubane.

Rangi za kingoni ziko za aina mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza utaiona kwenye pembe za gazeti: herufi nyeusi zina mstari mwembamba wa kijani upande mmoja na zambarau upande wa pili. Hiyo haiondoki ukibana tundu, lakini programu inaiondoa kwa kubofya mara moja, kwa hiyo usiipe uzito. Ya pili ndiyo inayoumiza. Tandaza tepu ya fundi cherehani mezani, simama nayo kwa mshazari, fokasi kwenye namba 30, piga f/1.4 kwa umbali wa karibu mita moja. Namba zilizo mbele ya 30, zinazokuja kwako, zitaelekea zambarau. Zilizo nyuma zitaelekea kijani. Hamsini za f/1.4 zina hili karibu zote, ila kwa viwango tofauti sana. Pima kwa bangili. Bangili za bibi harusi zilizopigwa na taa, na ushanga wa fedha kwenye shela, ndipo rangi hii hujitokeza, na programu ikijaribu kuiondoa inaweza kufuta pia zambarau ya nguo ya shangazi aliyesimama nyuma.

Tepu ileile ina kazi ya pili. Bila kugusa pete, piga f/1.4, kisha f/2, kisha f/2.8, kwa umbali huohuo. Tazama kama namba iliyo kali zaidi inabaki 30, au inahamia 31, 32. Kwenye lenzi zenye ule ukungu wa maziwa, fokasi huhama kidogo kuelekea nyuma unapobana. Kama kamera yako inafokasi tundu likiwa wazi kisha inabana wakati wa kupiga, utapata masikio makali na macho yaliyolegea kwenye f/2, na utailaumu mikono yako bure.

Giza la pembeni na kupinda kwa mistari nayapitia upesi. Piga ukuta mweupe au mbingu yenye wingu sawasawa, f/1.4 hadi f/4. Hamsini ya f/1.4 kwenye fremu nzima hupoteza kama stopu moja na nusu hadi mbili na zaidi kwenye pembe (kila stopu ni nuru kupungua nusu), na f/2.8 sehemu kubwa inarudi. Angalia tu giza liwe sawa pande zote. Mistari ya vigae itatuna kidogo kama pipa. Yote mawili programu inayaweza, ingawa ukiinua giza la pembe kwa stopu mbili kwenye picha ya ISO 6400, unainua na chenga zake.

Baada ya ukuta namwita Mama. Ukuta haujui ngozi wala macho, na lenzi hii sikuinunulia kuta. Mama anakaa barazani, mwarobaini ukiwa mita tano nyuma yake, jua la asubuhi likipenya kwenye majani. Nasimama mita moja, f/1.4, fokasi kwenye jicho lililo karibu nami. Hapo kina cha fokasi ni karibu sentimita tatu. Jicho la karibu na kope zake viko wazi, jicho la pili limeanza kulainika, sikio limeondoka, na ushungi unakuwa rangi tupu. Nikirudi mita mbili, kina kinakuwa kama sentimita 13 na uso wote unakaa.

Natazama vitu viwili kwenye uso. Kwanza, ngozi yetu yenye rangi ya maji ya kunde au nyeusi iliyoiva inabeba mng'ao pale kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Lenzi yenye ukungu mwingi inauchukua mng'ao huo na kuutandaza, uso mzima unakuwa na kijivu juu yake kama vumbi la unga. Lenzi yenye kontrasti nzuri inauacha mng'ao mahali pake na kivuli kikabaki na rangi yake ya joto. Tofauti hii chati ya mistari myeusi na myeupe haiionyeshi vizuri. Pili, natafuta mpito, yaani namna ukali unavyoachia kutoka kwenye kope kwenda shavuni kwenda sikioni. Kwenye lenzi nzuri hujui ulipoishia.

Nyuma ya Mama kuna boke, ule ulegevu wa vitu visivyo kwenye fokasi. Majani ya mwarobaini yenye mwanga ni mtihani mgumu, kwa sababu ni madogo, ni mengi, na kila moja lina ukingo. Kama kila doa la mwanga lina mstari mng'avu kuzunguka ukingo wake, majani yatagombana na uso wa mtu. Kama doa limefifia kuelekea kingoni, mwarobaini unakuwa pazia. Hamsini nyingi hufanya vizuri nyuma na vibaya mbele ya fokasi, au kinyume chake, kwa hiyo weka pia tawi mbele na upige.

Umbo la madoa usiku ni somo lake. Ninatundika zile taa ndogo za mapambo kwenye kamba, naziacha nje ya fokasi. Katikati ya picha ziwe duara. Zikisogea pembeni zitabanwa ziwe kama kokwa ya tende, kwa sababu pipa la lenzi linakata nuru. Ukibana hadi f/2 au f/2.8 duara linarudi. Ukibana zaidi utaanza kuhesabu pembe za majani ya tundu: nane kwa lenzi yenye majani nane. Ndani ya duara, ukiona pete nyingi kama kitunguu kilichokatwa, hiyo ni alama ya namna kioo kimoja kilivyofinyangwa kiwandani. Ukiona duara limekatwa bapa upande mmoja tu, au taa iliyo katikati ya picha kiini chake kimeegemea upande, rudi kwenye ule mtihani wa kugeuza kamera.

Jioni hiyohiyo naenda Raskazone, tripodi mkononi, natazama taa za bandarini na za meli ng'ambo ya maji. Fokasi nikiipata kwa kukuza taa moja ya katikati, napiga f/1.4, f/2, f/2.8. Taa za katikati zinabaki nukta. Zile za pembe, kwenye hamsini nyingi za zamani, zinatanua mbawa kama shakwe anayeruka kuelekea katikati ya picha. Wanaopiga nyota watalihesabu hili kuliko yote. Mimi nalitazama kwa sababu ya ukumbi: taa za dari za kumbi za siku hizi ni nukta nyingi kali za LED, na shakwe 40 juu ya kichwa cha bibi harusi wanaonekana hata kwenye picha ndogo. Iweke pia taa moja kali nje kidogo ya fremu uone kama picha inafifia yote. Kama inafifia, ivishe lenzi hudi, ile kofia ya mbele inayozuia nuru ya pembeni, na uitazame lenzi kwa tochi.

Tochi naiweka mwisho, lakini kwa lenzi ya mtumba ndiyo ya kwanza. Sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na ukungu wa fangasi unaota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Vumbi chache halina neno. Utando, au weupe uliotanda sawasawa kama pumzi kwenye dirisha, ni sababu ya kuondoka, kwa sababu kontrasti ya ngozi itakufa kabla ya kitu kingine chochote. Tazama pia majani ya tundu: yakiwa na mafuta yatachelewa kufunga na picha zako zitazidi mwanga.

Muuzaji hatakupa asubuhi nzima, najua. Akikupa dakika kumi, mimi hufanya hivi: tochi kwanza. Kisha natafuta ukuta wa matofali au geti la nondo, najinyoosha nalo kwa macho, nawasha skrini, nafokasi kwa mkono, napiga tatu za f/1.4 na tatu za f/2.8. Naigeuza kamera kichwa chini, narudia. Nakuza pembe nne palepale kwenye skrini ya kamera. Namwomba muuzaji mwenyewe asimame mita moja, namfokasi jichoni mara tano kwa fokasi ya kamera, nahesabu ngapi zimekaa. Nne kati ya tano zikikaa na pembe zikifanana, tunaongea bei. Nikiona upande mmoja una moshi, nafunga kifuniko, nashukuru, naondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Hamsini ninayoitumia sasa ilipita ukutani mwezi ule wa masika, siku ya pili mvua ilipokatika. Nyuma ya kifuniko chake nimebandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu: uso 1.6, wawili 2.2, ukoo 4, usipige bangili chini ya 2. Kijana anayenisaidia ukumbini anakisoma kabla hajanipa lenzi mkononi, na tunapopanga ukoo mstari mmoja, wazee tunawaweka katikati.